Muulize Mwalimu: Fuwele Kimiminika Ukiibana Kwenye Tundu au Ukiitia Vumbi, Umeme Unaionaje?

Mwezi huu sijui nani kawaambia mniandikie kuhusu skrini, maana nusu ya maswali yaliyokuja yanahusu vioo vya simu, vioo vya ofisi, na kuna kijana mmoja wa chuo kanitumia data ya maabara ambayo imenikalisha macho mpaka saa nane usiku. Nimechagua manne. La kijana nimeliweka mwisho kwa sababu ni refu na wengine mtataka kuishia njiani, sitalaumu mtu.

SWALI: Mwalimu mambo vipi. Mi fundi simu niko Kariakoo. Skrini za LCD nashika kila siku ila kuna kitu sijawahi kukielewa, ukibonyeza monita ya zamani kwa kidole inatoa kama mawimbi ya rangi alafu ukiachia inajirudi yenyewe, na kalkuleta ukiisahau kwenye dashibodi juani inakuwa nyeusi tii, ikipoa inarudi. Mle ndani kuna nini hasa, maji au kioo?

JIBU: Poa kaka. Ni kitu cha katikati. Inaitwa fuwele kimiminika na mtu wa kwanza kuishangaa alikuwa mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, mwaka 1888 kule Prague, alikuwa anayeyusha kemikali ya jamii ya kolesteroli akaona inayeyuka mara mbili, kwenye nyuzi 145.5 inakuwa uji wa mawingumawingu, alafu kwenye nyuzi 178.5 ndo inakuwa safi kama maji. Huo uji ndo wenyewe.

Fikiria kundi la dagaa ziwani. Kila dagaa anaogelea anavyotaka, hana kiti chake, lakini kundi zima limelala mwelekeo mmoja, vichwa vingine huku vingine kule ila mgongo uko sambamba. Molekuli za fuwele kimiminika ya aina ya nematiki ziko hivohivo, ndefundefu, zinatiririka kama kimiminika lakini zina mwelekeo kama fuwele. Sasa nani anawaambia waelekee wapi? Kuta. Ndani ya skrini kuna vioo viwili vimepakwa plastiki nyembamba sana ambayo kiwandani imesuguliwa kwa kitambaa upande mmoja, molekuli zinazogusa pale zinafuata mistari ya kusugua, na zilizo nyuma zinawafuata wenzao. Nafasi kati ya vioo ni kama mikromita 3 hadi 5, unywele wako mmoja hauingii pale hata kwa bahati mbaya. Ukibonyeza unabadilisha ile nafasi na unawasukuma dagaa, wanavurugika, rangi zinakimbia. Ukiachia kuta zinawaita tena kwenye mstari.

Na kalkuleta kuwa nyeusi juani ni joto limepita kiwango, dagaa wametawanyika kila mmoja na njia yake, hakuna mwelekeo tena, kwahiyo mwanga haupindwi tena, na zile polaraiza mbili, yani vichujio vya mwanga vilivyobandikwa nje ya vioo, zinauzuia wote. Ikipoa wanajipanga. Ila usiifanyie mchezo kila siku, gundi na polaraiza vinakufa kabla ya fuwele yenyewe.

SWALI: Habari Mwalimu, nakusoma nikiwa Nairobi. Ofisi yetu iliwekewa kioo cha meeting room, ukiwasha swichi kinakuwa clear, ukizima kinakuwa kama maziwa. Shida ni kwamba stima ikipotea katikati ya mkutano kinageuka maziwa palepale, na mimi nilidhani kitu kikikosa umeme ndio kinabaki wazi. Kwani kimewekwa kinyume?

JIBU: Hapana dada, hakijawekwa kinyume, ndo kilivyo. Hapo kwenye kioo chenu ile fuwele haijakaa kama shuka moja kubwa, imekatwakatwa vitone vidogo vya kama mikromita 1 vikazikwa ndani ya plastiki, mfano wa maandazi yenye vipovu vya hewa. Mambo haya yaliendelezwa sana miaka ya 1980 na kundi la J. William Doane pale Kent State, Ohio. Kila kitone ni chumba kidogo chenye kuta za mviringo, na molekuli zikibanwa kwenye chumba cha mviringo haziwezi kulala sambamba zote bila kugombana na ukuta, kwahiyo kila kitone kinajipangia mwelekeo wake, hiki kinatazama Ngong kile kinatazama Thika. Mwanga ukiingia unakutana na vitone elfu moja kila kimoja kinaupinda kivyake, unatawanyika, unaona maziwa. Umeme ukija unawalazimisha wote watazame kioo, na kwa mwelekeo huo fuwele inapitisha mwanga sawasawa na ile plastiki, kama vile mipaka imefutika, ukuta unapotea.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni bei ya kubana. Fuwele ikiwa kwenye skrini ya kawaida inageuka kwa volti chache, ikiwa kwenye vitone inataka makumi ya volti, kwa sababu kwanza ukuta uko karibu kila upande na unaivuta, pili umeme wenyewe unagawanywa kati ya plastiki na kitone. Na lazima uwe umeme wa AC. Ukiweka DC, ayoni (chembe ndogo zenye chaji) zilizomo ndani ya kitone zinatembea zinaenda kujazana kwenye ukuta, zinatengeneza uga wa umeme wa kinyume, na molekuli za katikati hazisikii tena unachowaambia. Haya makorokoro ya chaji kurundikana kwenye mpaka wa vitu viwili tutakutana nayo tena chini kwa yule kijana, tena kwa hasira.

Kwa mkutano wenu, dawa ni UPS ndogo.

SWALI: Mwalimu kuna jamaa ananiuzia stika ya "fuwele ya nano" unabandika nyuma ya simu inaongeza nguvu ya skrini na kupunguza kula chaji. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Stika iko nje, fuwele iko ndani na imezibwa na vioo viwili. Kanywe soda.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili fizikia. Msimamizi alinipa fuwele kimiminika inaitwa 5CB, unga wa nano wa bariamu titaneti, na vichujio vya alumina vyenye matundu ya nanomita 200. Nimechanganya unga asilimia 1 kwa uzito, nikajaza kwenye seli ya vioo viwili yenye mikromita 5, sentimita mraba 1, nikapima kapasita. Vitabu vinasema namba ya dayelektriki ya 5CB haizidi 20, mi kwenye hezi 20 nimepata 400 na kitu! Tena kwenye grafu ya nishati inayopotea kuna kilima kizuri kwenye megahezi 1.4 hivi ambacho nahisi ni mzunguko wa molekuli umepunguzwa kasi na unga. Hata kwenye frikwensi za kati ambako imetulia namba imepanda kama asilimia 30 nikilinganisha na 5CB isiyo na kitu. Na kwenye vichujio nimeona kilima kipya frikwensi za chini ambacho 5CB ya kawaida haina. Nataka kuandika pepa. Naomba mawazo yako kabla sijamwonyesha msimamizi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi kwanza, maana hiyo 400 ungeipeleka kwa msimamizi ukiwa umevaa tai ungelia.

Kwa wasomaji wengine kwanza, tusiwaache nje. Weka kitu kati ya bamba mbili za chuma, kipime kinaongeza uwezo wa kutunza chaji mara ngapi kuliko kukiwa hakuna kitu, hiyo ndo namba ya dayelektriki. Seli ya kijana wetu ikiwa tupu ni kama pikofaradi 177, hesabu ndogo tu. Sasa 5CB, ambayo ilitengenezwa na George Gray na wenzake pale Hull, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ndo ikafungua njia ya skrini za kudumu, ina namba mbili sio moja. Ukipima kwa urefu wa molekuli unapata kama 19, ukipima kwa ubavu unapata 6 au 7, kwenye nyuzi 25. Seli ileile inaweza kukupa pikofaradi 1,150 molekuli zikiwa zimelala au 3,360 zikiwa zimesimama. Hujabadilisha kitu chochote ndani, wamegeuka tu. Likae kichwani hilo.

Haya, 400. Sio ya molekuli. Ndani ya 5CB kuna ayoni, hata ukiinunua safi kiasi gani zipo, na unga wako umeleta nyingine. Kwenye hezi 20 zinapata muda wa kutosha kutembea mpaka kwenye elektrodi, yani zile bamba mbili za kupimia, na kurundikana pale, zinatengeneza tabaka jembamba mno la chaji, na tabaka jembamba ni kapasita kubwa, mashine yako haijui tofauti inakuandikia 400. Kuthibitisha ni rahisi sana, tengeneza seli nyingine ya mikromita 10 au 20, kama ni mali ya fuwele namba itabaki palepale, kama ni ya elektrodi itapanda pamoja na unene. Mi naweka shilingi yangu kwenye kupanda. Ndo maana watu wanasoma namba ya kawaida kwenye kilohezi 1 hadi 100, pale ambapo ayoni zimechelewa lakini molekuli bado zinafuata.

Kilima cha megahezi 1.4 kinaniuma zaidi kwa sababu kinadanganya vizuri. 5CB kweli ina kilima chake, molekuli ikipinduka kichwa chini miguu juu, na kipo kwenye megahezi kadhaa, kwahiyo ukiona kitu jirani na hapo unafurahi. Lakini vioo vyako vina tabaka la oksidi ya indiamu na bati linalopitisha umeme, nalo lina ukinzani wake, tuseme omu 100 mpaka kwenye waya. Omu 100 na pikofaradi 1,150 zinakupa mzunguko wa kawaida wa rezista na kapasita wenye kilima kwenye megahezi 1.4 hivi, piga hesabu mwenyewe. Yani umepima kioo. Jaza seli hiyohiyo kitu ambacho hakina kilima chochote pale, uone kama kilima kinasogea tu kufuatana na kapasita, au tengeneza elektrodi za dhahabu na uzifanye ndogo. Hata watu wazima wenye maprofesa wao wamenaswa na mtego huu usione aibu.

Sasa ile asilimia 30, hapa ndo pana utamu na hapa ndo sitaki uharakishe. Chukua kalamu. Bariamu titaneti ni nzito mara 6 hivi kuliko 5CB, kwahiyo asilimia 1 kwa uzito ni kama asilimia 0.17 tu kwa ujazo. Chembe ya mviringo hata iwe na namba ya dayelektriki ya maelfu, ikiwa chache kwenye mchanganyiko inaongeza namba ya jumla kwa mara 3 ya sehemu yake ya ujazo, basi, hapo ndo mwisho wake, maana uga wa umeme unaikwepa. Mara 3 ya 0.17 ni nusu ya asilimia. Wewe umepata 30. Hiyo 29.5 iliyobaki imetoka wapi?

Inaweza kuwa imetoka mahali pazuri. Mwaka 2003 kundi la Yuriy Reznikov kule Kyiv na wenzao walitangaza kwamba kiasi kidogo cha chembe zenye umeme wake wa kudumu, wao walitumia kampaundi ya bati, fosforasi na salfa, kinaongeza tofauti ya zile namba mbili na kushusha volti ya kuanzia kugeuka. Maelezo yao ni kwamba kila chembe ina uga wake mkali unaowanyoosha dagaa wa jirani, wanajipanga vizuri zaidi kuliko walivyokuwa. Dunia nzima ikakimbilia huko, na matokeo yakaja mchanganyiko, wengine wakapata kupanda, wengine kushuka, wengine hakuna kitu. Mi msimamo wangu ni kwamba athari ipo ila imepewa sifa nyingi ambazo ni za wengine.

Na huyo mwingine mara nyingi ni mwelekeo. Rudi kwenye 1,150 na 3,360. Kama unga wako umekaa kwenye ukuta ukawafanya dagaa wachache wasimame badala ya kulala, au ukaganda madonge yanayowapindisha wenzao, namba itapanda asilimia 30 bila hata molekuli moja kuwa na nguvu mpya. Inatosha dagaa wa sehemu kama 1 ya 6 ya eneo la seli wasimame. Kwahiyo usipime hali moja. Pima seli iliyolala na seli iliyosimamishwa, zote mbili, ukaone kama ile 19 yenyewe imebadilika au ni 6.5 ndo imejifanya 8.5. Alafu weka seli chini ya hadubini yenye polaraiza, usiiamini macho matupu, ukiona madoa yenye mikia ya mwanga ujue ni madonge na hiyo asilimia 1 yako haipo, iko sehemu moja imekaa kikao. Unga wa nano ukikauka unashikana kama sukari iliyopata unyevu, unahitaji kuvalishwa asidi ya oleiki au kitu cha jamii hiyo na kutikiswa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na hata hivyo baada ya wiki kadhaa unaweza kutuama. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye kila chupa. Narudia, tarehe kwenye kila chupa.

Kuna na njia ya kuwakamata kwa volti. 5CB ikiwa imelala, ukipandisha volti taratibu haigeuki mpaka ifike kama 0.75, alafu ghafla inaanza. Kizingiti hiki kinaitwa kwa jina la Freedericksz, Mrusi wa miaka ya 1920, na uzuri wake hakijali unene wa seli. Kinategemea ugumu wa kupinda wa fuwele na tofauti ya zile namba mbili. Kama kweli chembe zako zimekuza ile tofauti kizingiti kinatakiwa kisogee kwa kiasi kinachoendana, kipime. Namba mbili zikisema hadithi moja nitaanza kukuamini. Ila ayoni zinaweza kukivuruga pia, na hapa kuna kituko, chembe nyingine kama za titania (oksidi ya titani) zikiwa safi zinanasa ayoni na kusafisha fuwele, zikiwa chafu zinaleta ayoni, unga uleule wa dukani tofauti ni ulivyooshwa. Pima ukinzani wa mchanganyiko kila mara.

Tuje kwenye vichujio, hapa umenifurahisha. Matundu ya nanomita 200 yaliyonyooka kutoka uso mmoja mpaka mwingine, kichujio chenyewe kwa kawaida mikromita 60, ni maabara tosha. Kwanza molekuli hazigeuki tena hata ukiwabembeleza, hesabu ya haraka inaonyesha utahitaji zaidi ya volti 200 kuwatoa kwenye mstari, kwahiyo mwelekeo unaamuliwa na ukuta sio na wewe. Kama hujaosha matundu kwa kitu chochote 5CB inalala kufuata urefu wa tundu na unapima ile namba kubwa. Ukipaka lesithini, mafuta yaleyale ya kwenye kiini cha yai, molekuli zinasimama kwenye ukuta kama mswaki wa chupa na unapima sehemu nyingine kabisa. Kichujio kilekile, fuwele ileile. Fanya zote mbili.

Kilima chako cha chini kina washukiwa wawili. Mmoja ni tabaka la molekuli zilizoshikana na ukuta, hizo zinazunguka polepole sana kuliko wenzao wa katikati. Tabaka la nanomita 2 kwenye tundu la 200 ni asilimia 4 tu ya ujazo, ndo maana kilima ni kidogo, lakini kwenye tundu la nanomita 10 lingekuwa asilimia 64, yani karibu kila mtu ni mtu wa ukutani. Ndo hao hao wanaofanya jeli za fuwele iliyochanganywa na vumbi laini la silika, ambalo gramu 1 ina uso wa mita mraba 300, viwanja viwili vya voliboli karibu, zibadilishe fuwele kabisa mpaka ile ruka ya ghafla kwenye nyuzi 35, pale dagaa wa 5CB wanapotawanyika, inakuwa mteremko. Mshukiwa wa pili ni yuleyule wa Nairobi, ayoni kurundikana kwenye mpaka wa alumina na fuwele. Kuwatenganisha, pasha joto. Ukipita nyuzi 35 dagaa wa katikati wanatawanyika na kilima chao cha megahezi kinabadilika palepale, wa ukutani hata hawashtuki sana, wanaendelea, na ayoni zenyewe zitafuata upitishaji umeme. Chora kasi ya kilima dhidi ya joto pamoja na upitishaji, kama mistari miwili inakwenda sambamba tupa hicho kilima kwenye kapu la ayoni. Na angalia nyuzi ya kutawanyika yenyewe, kwenye matundu hayo inashuka kama digrii 1 au chini yake, kipimajoto chako kisipokuwa na adabu hutaiona.

Umeuliza pembeni kama kukosa analaiza kubwa, ile mashine ya kupima kwenye frikwensi nyingi, kunakuzuia. Hapana. Mita ya mkononi yenye kilohezi 1, 10 na 100 inakutosha kwa namba zote mbili, tafuta tu namna ya kutuliza joto, bakuli la maji ya vuguvugu na mfuko wa plastiki vinafanya kazi. Kausha vichujio kwenye oveni kabla, vijaze 5CB ikiwa juu ya nyuzi 35 ndo inapanda vizuri kwenye matundu, na futa ile inayobaki juu kwa karatasi ya kuchujia, usipoifuta utapima shuka la fuwele lililolala juu ya kichujio na utaniandikia tena mwezi ujao.